Hivi neno CHAFYA limetoka wapi? Ni kweli ni "cha afya"?

bata_maji aliandika:

Wakuu heshima kwenu. Nina swali dogo ila limeniletea ugomvi tangu juzi kwenye grupu letu la wasapu, naombeni wajuzi wa lugha mnisaidie maana nimeshaweka dau.

Ilikuwa hivi, jamaa mmoja katuma sauti anaelezea mambo yake, katikati ya maelezo akapiga chafya moja ya nguvu mpaka spika ya simu ikakwaruza, watu wakacheka, mmoja akaandika "afya!" kama kawaida. Basi akatokea mwingine (huyu ni mjuaji wa kila kitu, kila grupu linaye) akasema mnaona sasa, hapo hapo ndo asili ya neno lenyewe, chafya ni "cha afya", yaani kitu cha afya, kwa sababu mwili ukitoa chafya unajisafisha. Hajamaliza, mwingine akadakia eti hapana, chafya imetokana na "chafu", "kuchafua", kwa sababu inarusha uchafu. Mmoja anasema usafi mwingine anasema uchafu, neno ni hilo hilo moja!

Mi nikasema zote mbili ni za kutunga. Nikaulizwa hoja, sina. Yaani moyoni najua ni uongo ila siwezi kuelezea kwa nini. Dau ni kwamba atakayeshindwa anaweka picha ya profaili atakayochaguliwa na mshindi wiki nzima, na mimi huyu jamaa namjua, atanichagulia picha mbaya.

Na kingine, hivi ni KUPIGA chafya au KWENDA chafya? Mi nasema kupiga, shemeji yangu anasema kwenda. Halafu marehemu bibi alikuwa anasema "kuchemua", ukichemua karibu yake anakwambia usinichemulie. Hilo sijalisikia tena kwa mtu yeyote, nikawa nadhani labda ni la kwake tu.

Mzee wa Fupi aliandika:

Cha afya ni sahihi. Chakula = cha kula. Chafya = cha afya. Uzi ufungwe, andaa uso upigwe picha.

somo_wa_ngeli aliandika:

Mzee wa Fupi umejifunga mwenyewe, tena asante sana kwa mfano wa chakula maana nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Ni kweli kabisa chakula ni "cha kula", yaani (kitu) cha kula, kitu kikaanguka ikabaki cha, ikaungana na kula. Na hakiko peke yake, kuna chajio cha jioni, kuna chamcha cha mchana, vimejengwa hivyo hivyo. Sasa angalia hayo maneno yanavyotembea kwenye sentensi. Chakula CHANGU kiko wapi, VYAKULA vimeisha. Chajio KIMEIVA. Yamebeba ile "ki" ya kitu mpaka leo, ukiyagusa tu yanakutolea ki na vi, hata mtoto wa miaka mitatu hakosei hapo.

Haya njoo kwenye chafya. Unasema "chafya YANGU", "chafya ILE", "nimepiga chafya TATU". Hakuna mtu anasema chafya changu, hakuna mtu anasema nimepiga vyafya vitatu. Ngeli yake ni I-ZI, iko pamoja na chai, chaki, chachu, chapa, maneno ambayo ile cha ya mwanzo ni sehemu ya mwili wa neno lenyewe, siyo kiambishi unachoweza kukibandua ukakitupa pembeni. Kama ingekuwa "cha afya" ingebidi neno liwe limezaliwa kwenye KI-VI halafu likahama, na sababu ya kuhama haipo, kwa sababu watu wakisikia neno lina cha mbele ndo kwanza wanalivutia kwenye KI-VI. Yaani lingekuwa limepanda mlima kinyumenyume.

Kwa hiyo bata_maji hoja yako ya kwanza hiyo hapo. Mwambie huyo mjuaji aseme kwa sauti "chafya changu kimenitoka" mbele ya watu, uone nani atacheka.

Mzee wa Fupi aliandika:

Vyafya vitatu. Nimelisema hapa kazini kwa majaribio, nimeulizwa kama nimeamka salama. Nakubali kushindwa.

kiroboto aliandika:

Mi nimecheka hiyo ya vyafya lakini somo naomba nikuulize kitu, afya si neno la Kiarabu? Maana nilisikia hivyo. Kama ni la Kiarabu basi si ina maana kabla ya Waarabu watu hawakuwa na neno la chafya? Walikuwa hawapigi? 😂

somo_wa_ngeli aliandika:

Ndiyo afya ni ya Kiarabu, kule ni "aafiya", ina sauti ya kooni mwanzoni ambayo sisi tumeiacha njiani. Na chafya kwa Kiarabu ni kitu kingine kabisa, kitenzi chao ni atasa, jina lake utaasi huko, haufanani na chafya hata ukiukunja. Kwa hiyo neno zima halikuja na jahazi. Ila swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, maana watu walikuwa wanapiga tangu zamani sana na walikuwa na neno lao, na bata_maji kashalitaja bila kujua alichokitaja. Ngoja aje anayejua zaidi, mi na sarufi tu.

bata_maji aliandika:

Daah somo Mungu akubariki, nimeipeleka kule kama ilivyo, mjuaji kanyamaza dakika ishirini nzima, hiyo ni rekodi. Sasa amerudi kahamia upande wa pili, anasema basi ni CHAFU, na kwamba hata yeye siku zote moyoni alikuwa anaamini chafu. Nimsaidieje huyu.

fundi_vitenzi aliandika:

Kwenye chafu naomba nimtetee kidogo huyo jamaa, siyo kwamba yuko sahihi ila amegusa mlango wa jirani na mlango wenyewe unavutia.

Kiswahili kina kinyambuo cha zamani cha kusababisha, siyo hiki cha -sha tunachotumia kila siku. Ni kile cha "y". Pona, ponya. Ona, onya. Lewa, levya. Na kitenzi kikiishia na p, ile p ikikutana na y inageuka f, ndo maana OGOPA inazaa OGOFYA. Umeona hapo? -pa ikawa -fya. Sasa mtu mwenye usingizi mdogo kama mimi anakaa saa nane usiku anajiuliza, je chafya nayo si ni kitu kama "chapa" ikapigwa y ikawa chafya? Yaani kumfanya mtu achapike? Nimeitafuna hiyo wazo kama wiki nzima.

Halafu nikaitema. Kwa sababu njia hiyo inazaa vitenzi. Ogofya ni kitenzi, ponya ni kitenzi, unasema amemponya, amemwogofya. Chafya siyo kitenzi, huwezi kusema jana nilichafya sana, ni jina, tena jina linaloomba lifti, bila piga au enda haliendi popote. Na maana yenyewe haishikani, kuchapa na kupiga chafya vinakutana wapi? Kwa hiyo chapa hapana. Na chafu ndo kabisa, chafu ni kivumishi, kinachotoka hapo ni chafua, chafuka, uchafu, machafuko, zote zimebakiza ile u au angalau alama yake. Hakuna njia ya kutoka chafu kwenda chafya ambayo Kiswahili kinaitumia kwingine, itabidi utengeneze barabara kwa ajili ya gari moja.

MamaZu aliandika:

Fundi unasema huwezi kusema nilichafya, njoo nyumbani kwangu umsikie mwanangu wa mwisho. "Mama nimechafya." "Mama, Zu amenichafya usoni." Kila siku namrekebisha, kila siku anarudi pale pale. Nikamuuliza mbona hausemi nimepiga chafya akanijibu "sijampiga mtu."

fundi_vitenzi aliandika:

Hahahaha MamaZu huyo mtoto mwacheni, ana akili. Neno linaishia na -a kama vitenzi vyetu vyote vya Kibantu, kwa hiyo masikioni mwake ni kitenzi kilichosahaulika kunyambuliwa, anakisaidia. Na hoja ya "sijampiga mtu" haina jibu.

mkalimani_wa_jioni aliandika:

Nafundisha Kiswahili wageni na hii PIGA ndo inawatoa machozi kuliko kitu chochote. Unapiga simu, unapiga pasi, unapiga picha, unapiga mswaki, unapiga magoti, unapiga kura, unapiga deki, na jioni ukichoka unapiga miayo. Mwanafunzi wangu mmoja aliniambia hii lugha yenu ina vurugu sana. Nikamwambia piga ukiisikia kwenye lugha yetu usiwaze ngumi, waza kitendo kinachotokea kwa mkupuo, kina mwanzo na mwisho unaouona au unaousikia, mara nyingi kina sauti. Piga kelele, piga yowe, piga mluzi, piga mbinja, piga vigelegele, piga makofi. Chafya imekaa hapo, kwenye benchi la sauti.

Sasa kupiga au kwenda, zote sahihi na kamusi zinazo zote mbili. Shemeji wa bata_maji hajakosea. Kwenda chafya ni kama kwenda miayo, kwenda haja, ni vitu vya mwili vinavyojiendea. Mi binafsi naisikia tofauti ndogo, nikisema "amepiga chafya" nasikia ule mlio, nikisema "anakwenda chafya tangu asubuhi" nasikia mtu mwenye mafua yake amekaa na leso. Lakini hiyo ni sikio langu, msinishike nayo. Kinachoonekana wazi ni kwamba kupiga inazidi kula uwanja, vijana wengi ukiwaambia "nimekwenda chafya" watakuuliza umeenda na nani.

Ila kuna sehemu kupiga inashinda bila ubishi, nayo ni kwenye kutendea. "Amenipigia chafya." Ukisema hivyo kila mtu ameelewa, ameipigia usoni kwangu, na una haki ya kukasirika. Jaribu kwa kwenda, "ameniendea chafya", watu watadhani kakwenda kukuchukulia chafya kwa niaba yako, labda ulikuwa na shughuli.

Halafu angalia chafya yenyewe ikiwa mtenda, hapo lugha inapendeza. Chafya imenijia. Chafya imenishika mbele ya watu. Nimeibana chafya mpaka masikio yakaziba. Vumbi limenitia chafya. Na ile mbaya kuliko zote, umeshafumba macho, umeshafungua mdomo, kila mtu mezani anakusubiri, halafu inarudi. "Imegoma." Yaani tunaizungumzia kama mgeni mwenye maringo.

kiroboto aliandika:

Ile inayogoma ina jina? Inatakiwa iwe na jina.

Mzee wa Fupi aliandika:

Chafya hewa.

msitu_wa_maneno aliandika:

Nimechelewa kuingia, nimesoma yote, sasa naomba nije kwa bibi wa bata_maji maana huyo bibi ndo mwenye uzi huu.

KUCHEMUA ni Kiswahili, tena Kiswahili cha kale, siyo la kwake peke yake. Maana yake ni hiyo hiyo, kupiga chafya. Na lina kila kitu ambacho chafya haina, linanyambulika lenyewe bila kuomba lifti, chemua, chemulia, kachemua, anachemua. "Usinichemulie" ya bibi ni neno moja linalofanya kazi ya "usinipigie chafya". Na msilichanganye na CHEUA, hiyo ni ya ng'ombe anayerudisha chakula kinywani au ya mtoto mchanga aliyeshiba, watu wengi wanaozisikia mara moja moja wanazivuruga.

Sasa sikilizeni ndugu zake. Wakikuyu wanasema gwathimũra. Waganda okwasimula. Wanyarwanda kwitsamura. Wachewa kuyetsemula. Wazulu, kule chini kabisa, ukuthimula. Soma kwa sauti hizo tano mfululizo halafu malizia na chemua. Mkia ni ule ule, mura, mula, mura, mula, mula... na sisi mua. Ile l yetu imeanguka kama ilivyoanguka kwenye fungua, wenzetu kibao wanasema fungula, sisi tukaimeza. Rudisha l kwenye chemua unapata chemula, weka pembeni ya yetsemula ya Wachewa, ni sura za ndugu wa tumbo moja. Watu walioko maelfu ya kilomita, hawajawahi kukaa meza moja kuazimana neno la kupiga chafya, wote wanalo. Neno la namna hiyo halikuazimwa, limerithiwa, kila ukoo ukaondoka nalo ulipohama.

Na ule mkia wenyewe una ladha yake. Fungua, fumua, pasua, chomoa, ng'oa, ibua, fyatua. Kitu kilikuwa kimefungwa, kimebanwa, kimezama, kikaachiliwa. Chafya ni nini kama siyo hiyo.

Kwa hiyo kiroboto swali lako la kabla ya Waarabu walikuwa wanasemaje, ndo hivyo, walikuwa wanachemua.

bata_maji aliandika:

Msitu umenifanya nimkumbuke bibi vibaya mno. Alikuwa akisema hivyo tunamcheka, tunadhani anakosea "kuchemka". Tulikuwa tunamwambia bibi kwani wewe ni sufuria? Kumbe sisi ndo hatujui.

Sasa naomba niulize, kama chemua ilikuwepo na ilikuwa inatosha, hii chafya imeingia kufanya nini?

msitu_wa_maneno aliandika:

Imeingia kwa mlio. Chafya ni neno la kuigiza sauti, ni tanakali iliyopewa kitambulisho. Cha! (hewa imebanwa) fya! (imetoka). Linganisha na kwikwi, hiyo nani anahitaji kuambiwa asili yake? Pikipiki? Ndo familia hiyo. Na ndo maana halina kitenzi chake, tanakali kwetu mara nyingi inabaki jina na inaazima piga, haijazaliwa na mzizi wa kitenzi kama kikohozi kilivyozaliwa na kukohoa.

Na hiyo FYA isikilizeni vizuri. Fyatua, fyatuka, fyuka, fyonza, fyonya. Kiswahili kina tabia ya kuweka fy pale hewa au kitu kinapochomoka kwa kasi au kupita kwenye upenyo mdogo. Mtego unafyatuka. Mtu akikuchukia anakufyonya. Meno na midomo inafanya kile kile ambacho neno linakisema. Chafya imekaa humo vizuri kabisa.

kobe_mbishi aliandika:

Samahani mi ni mbishi, jina linajieleza. Msitu kwenye chemua umenipata, ndugu wote hao siwezi kuwapinga. Ila hii ya "neno limeigiza sauti" ni jibu la watu waliochoka kutafuta. Neno lolote ukilitamka kwa nguvu litafanana na kitu fulani. Hata "kabati" ukiitamka kwa hasira ni sauti ya kabati kufungwa. Unanithibitishia vipi?

msitu_wa_maneno aliandika:

Kobe hiyo ya kabati nimeijaribu na umeniudhi maana ni kweli.

Lakini haya, tutoke nje kidogo. Chafya ni kati ya vitu vichache ambavyo lugha zisizojuana kabisa zinakimbilia kuviita kwa mlio. Waturuki wanasema hapşırmak na chafya yenyewe wanaiandika hapşu. Wajapani wanaiandika hakushon. Wapolandi apsik. Wahausa wanaiita atishawa. Wahindi wanasema chhink, na Warusi kitenzi chao ni chikhat, hawa wote wawili wameanza na ch kama sisi na hakuna aliyemfundisha mwenzake. Hata Waingereza, neno lao la sneeze zamani lilianza na fn, fneosan, jaribu kulitamka hilo bila kutoa hewa puani uone kama utaweza, baadaye ile f ikageuka s na raha yote ikaisha. Angalia kinachorudi rudi humo, ch, sh, f, ps, sauti zote za hewa inayopenya kwa nguvu. Kabati haina ndugu kama hao. Nipe lugha nne ambazo kabati inaitwa kitu kinachofanana na kabati bila kuazimana, nitafuta nilichoandika.

Halafu ongeza na alichosema somo, ngeli ya I-ZI bila kiambishi cha kubandua, alichosema fundi, haina kitenzi iliyotoka, na alichosema mkalimani, imekaa benchi moja na mluzi na mbinja na yowe. Ukiyaweka pamoja yote yanaelekea huko huko.

kobe_mbishi aliandika:

Nimeelekea. Polepole ila nimeelekea.

nesi_wa_zamu aliandika:

Mi siyo wa lugha ila hapo kwenye "cha imebanwa, fya imetoka" mmenifurahisha, maana ndivyo mwili unavyofanya kweli. Kitu kikigusa utando wa ndani ya pua, vumbi, baridi, aleji, neva ya usoni inapeleka taarifa sehemu ya chini ya ubongo, pale karibu na uti wa mgongo unapoanzia, na kuanzia hapo huna mamlaka tena. Unavuta pumzi ndefu, koo linajifunga, misuli ya kifua na tumbo inabana, presha inapanda, halafu koo linafunguka ghafla na hewa inatoka puani na mdomoni kwa pamoja, macho yamejifumba yenyewe. Kubana ndo cha, kufunguka ndo fya. Na zile habari za moyo kusimama ukipiga chafya siyo kweli, moyo unaendelea na kazi, presha ya kifuani tu inaubadilishia mwendo kidogo kwa sekunde hiyo.

Na wale mnaopiga chafya mkitoka ndani mkakutana na jua, hamjarogwa. Inakadiriwa watu kati ya asilimia 18 na 35 wako hivyo, na inarithiwa, mzazi mmoja akiwa nayo mtoto ana nusu ya uwezekano wa kuwa nayo. Mimi mwenyewe nikifungua mlango asubuhi ni mbili, siyo moja siyo tatu, mbili.

Ila ile ya kuibana aliyosema mkalimani mpaka masikio yanaziba, acheni. Ile presha inatafuta njia nyingine, na watu wamewahi kuumia koo na ngoma ya sikio kwa kuibana kwa adabu. Ipigie kwenye kiwiko.

kiroboto aliandika:

"Kuumia kwa adabu" nimeipenda hiyo.

Sasa mbona hamjamaliza hii ya AFYA? Kama chafya haitokani na afya, kwa nini mtu akipiga tunamwambia afya? Hapo mjuaji ana kahoja.

mkalimani_wa_jioni aliandika:

Hana. Amegeuza tu mkokoteni. Kumtakia mtu afya akipiga chafya ni jambo la watu wengi, Wajerumani wanasema Gesundheit, maana yake afya, Wahispania wanasema salud, maana yake afya, na maneno yao ya chafya hayafanani na hayo hata kidogo. Waturuki wanakuombea uishi sana. Waislamu kwetu aliyepiga anasema Alhamdulillahi na aliyesikia anajibu Yarhamukallahu, akiwa mwanamke Yarhamukillahu, naye anaitikia kwa kuwaombea uongofu. Kwa hiyo watu wanatakiana heri kwa sababu ya chafya, siyo kwa sababu ya herufi. Kwetu imetokea tu kwamba chafya na afya zina vina, zinaimbana, na sikio la Mswahili likisikia kina haliwezi kukaa kimya, lazima litafute undugu. Ndo hapo "cha afya" ilipozaliwa. Ni shairi zuri, siyo asili.

MamaZu aliandika:

Mi mwanangu nikimwambia afya ananijibu "afya na wewe" kama salamu. Sijamrekebisha, hiyo nimeipenda.

bata_maji aliandika:

Mrejesho. Nimewapelekea uzi mzima. Mjuaji kasoma wote, najua kasoma maana katokea mtandaoni saa nzima bila kuandika kitu. Amekubali. Picha nimemchagulia, ni ile yake ya harusini amefumba macho mdomo wazi, wote tulikuwa tunadhani anaimba, kumbe alikuwa katikati ya chafya iliyogoma. Wiki nzima.

Shemeji naye nimemwambia yuko sahihi na kwenda chafya, amesema alikuwa anajua.

Tatizo mjuaji amerudi tena sasa hivi, anasema sawa chafya mmeshinda, ila mwambieni msitu anieleze MIAYO, kwa nini watu wanapiga miayo wengi wakati mdomo ni mmoja, na umoja wake ni nini. Nikamwambia ni muayo. Akasema una uhakika? Sina.

somo_wa_ngeli aliandika:

Mwayo. U-I. Mwambie aandae picha nyingine.